Sauti ya Muzammil

Missouri City, Texas

Dada yangu mpenzi Mwanakhamis,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba magoti ya mama yamepata nafuu. Sisi tu wazima kwa uwezo wake Mola, ila uchovu umeniingia mpaka mifupani. Natoka shifti ya kuwauguza wazee wa watu, narudi nyumbani kumuuguza wangu.

Nilikwambia kuwa mume wangu Muzammil alipatwa na kiharusi akishusha mzigo wa lori kule Mesquite. Mkono umeanza kupata nguvu. Kiswahili nilichomfundisha kimerudi pia, polepole; chai huniomba bila taabu. Kilichoharibika ni Kithai, lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mtaalamu wa matamshi alinieleza kuwa kwao neno lilo hilo ukilipandisha au kulishusha sauti huwa neno jingine, na kiharusi kimempiga papo hapo ubongoni panapoongoza sauti hizo. Sasa maneno yake yote ya Kithai yamelala chini, kwa sauti moja.

Juzi mama yake alipiga simu kutoka Songkhla, kwao Thailand, akamuuliza kama hospitali iko karibu. Muzammil akajibu kuwa iko karibu; mama akasikia iko mbali, kwani kwao maneno hayo hutenganishwa na sauti tu. Muzammil akarudia, akarudia tena. Wifi yangu, aliyekuwa na mama, akanieleza kwa Kiingereza kuwa mama analia, adhani mwanawe anamuaga kwenda mbali. Na masikio ya Muzammil ni mazima, dada. Anajisikia akikosea. Alinirudishia simu akaniambia, "Nawal, mama hanielewi tena." Tangu hapo hataki kuishika.

Sasa nikwambie lililonishinda kukwambia kwa simu. Najua umekipaka rangi chumba cha uani, unatungoja Mombasa. Hatuji. Tunakwenda Songkhla, akakae mbele ya mama yake, mama amwone macho na mdomo. Mtaalamu hakutuahidi kitu. Mimi Kithai sijui hata cha kununulia chumvi. Huko bubu nitakuwa mimi. Lakini ukimya wake humu ndani tangu simu ile siuwezi tena. Nikasirikie, ni haki yako, kisha unijibu.

Mbusu mama mkono kwa niaba yangu, na watoto wote uwape salamu. Muzammil anakusalimu sana, na jina lako amelitamka sawasawa.

Mdogo wako akupendaye,
Nawal