Chumba cha Mvua Katika Gemu la Pili

Shangazi mpendwa wa gazeti, nakuandikia nikiwa kazini, mashine ya kusagia lenzi nimeizima na mteja wa mwisho wa asubuhi ameondoka na miwani yake mipya akishangaa kwamba miti ina majani moja moja, nami naomba unisaidie kwa sababu jambo langu nikimweleza mtu mwingine atacheka, na wewe ukitaka kucheka cheka lakini soma mpaka mwisho, maana nimemdanganya mke wangu miaka tisa kuhusu gemu na sasa uongo huo umemfikisha pabaya.

Nianze na gemu lenyewe ili usipotee. Linaitwa Taa ya Chini, limetoka mara saba kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika matoleo yote wewe ni msichana mwenye taa unayeshuka kwenye mji uliozama chini ya ardhi, unapigana na viumbe vya gizani, unatafuta njia, unakuta mlango umefungwa, unauacha, unazunguka huko saa nzima mpaka unapata kengele au kamba, halafu unakumbuka, aha, ule mlango, unarudi. Raha yake ndiyo hiyo. Na sisi wapenzi wake tuna ugonjwa mmoja, tukikutana wawili lazima tubishane lipi ni bora. Mimi ni mtu wa la pili. La pili halikupi ramani, halikwambii uende wapi, lina maji mengi na ukimya mwingi, na kuna kumbi ambazo hazina adui wala zawadi, unapita tu na taa yako unasikiliza hatua zako. Mke wangu ni mtu wa la tano. Anasema la tano lina mapigano ya kueleweka, lina kamba yenye kulabu inayokurusha kutoka dari hadi dari, lina ramani ya kweli, na kwamba la pili ni gemu la watu wanaopenda kupotea halafu wanajisifu. Shemeji yangu, kaka yake, anasema la kwanza, lakini huyo hakuna anayemsikiliza.

Tulikutana kwenye foleni ya fundi simu. Yeye ni mchoraji wa mabango ya maduka, siku hiyo alikuwa na rangi ya kijani mpaka viwikoni, akaona picha ya ile taa nyuma ya simu yangu akaniuliza, "Wewe wa lipi?" Nikasema la pili. Akaguna. "La pili? Si wanasema mwisho wake hauna kitu?" Hapo, Shangazi, ndipo ulimi ulipoteleza. Nikamwambia, "Hao hawajafika kwenye chumba cha mvua." Akasogea, foleni ikatupita. "Chumba gani hicho? Hebu niambie."

Ukweli ni kwamba gemu la pili sijawahi kulimaliza. Nililicheza nikiwa na miaka kumi na tisa kwenye duka la kuchezea gemu mtaani kwetu, nikafika kwenye ukumbi wenye ziwa, maji ya buluu mpaka kwenye vioo vya juu, kinanda kimoja kikilia kwa mbali, na kwa wiki nzima nilikuwa nakwenda pale nakaa bila kusonga, msichana amesimama ukingoni na taa yake, mpaka mwenye duka akaniuliza, "Wewe unacheza au unasali?" Kisha duka likafungwa, mwenyewe akahama na mashine zake, na mimi nikabaki nimesimama ukingoni mwa ziwa lile. Nikaanza kuota. Nikilala mchana nilishuka chini ya maji nikakuta mlango mdogo, ndani kuna chumba chenye kitanda cha chuma na kabati, na mvua inanyesha humo humo ndani, taratibu, juu ya kitanda, juu ya kabati, na hakuna kinacholowa, na dirisha moja linaonyesha mchana wa mahali pengine. Nilikiota mara nyingi mpaka nikajua kabati lina droo ngapi. Zipo tano. Kwa hiyo siku ile kwenye foleni sikuhisi nadanganya, nilihisi nakumbuka.

Tulipooana akakichora. Ukuta mzima wa chumbani kwetu, wiki tatu, akiniuliza kila kitu, mvua inatokea upande gani, kitanda kina vyuma vingapi kichwani, nami namjibu bila kusita, na kila nilichojibu kikatokea pale ukutani kama kilikuwepo siku zote. Nikiamka ndicho kitu cha kwanza ninachokiona, na siku nyingine, Shangazi, sina hakika kama nimeamka.

Sasa miezi miwili iliyopita mke wangu alianguka kwenye ngazi akiandika jina la duka la viatu, akavunjika mguu, ana plasta mpaka pajani na siku nzima yuko kitandani akiutazama ukuta ule. Akaniambia, "Macho" (ndivyo anavyoniita kwa sababu ya kazi yangu), "nimepata muda wa kulimaliza la pili lako. Nipeleke kwenye chumba cha mvua." Nikatafuta gemu, nikalipata, na tangu hapo kila jioni nikitoka kazini nakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, yeye anacheza na mimi ndiye kiongozi wa njia. "Sasa wapi?" Kushoto, namwambia, nami sijui kushoto kuna nini. Tulipofika kwenye ukumbi wa ziwa nilitaka kulia. Nilimwomba tukae kidogo, tukakaa, kinanda kikalia, mkono wake ukawa begani kwangu, nikajua hapa ndipo pa kusema. Akauliza, "Mlango uko wapi?" Nikasema uko chini. Akazungusha gurudumu la kutolea maji, na katika gemu hilo maji yakishatoka hayarudi. Ziwa langu likaenda. Chini palikuwa na matope na kuta. Amegonga tofali moja moja kwa siku kumi na moja.

Na bado sijafika kwenye lililo baya. Lipo kundi la mtandaoni la wapenzi wa Taa ya Chini, watu kama mia tatu, wanajiandaa kupiga kura mwisho wa mwezi kuamua toleo bora. Mke wangu, anayejulikana humo kwa jina la Brashi, mtu wa la tano wa kufa na kupona, akaandika kwamba la pili lina chumba ambacho hakuna aliyekitaja, mume wake amekifikia, na kwa sababu ya chumba hicho yeye anahamisha kura yake. Mmoja anayejiita Profesa wa Mapango, amelimaliza mara thelathini, akajibu kwamba chumba hicho hakipo. Wakataka picha. Akawapigia picha ukuta wetu ili waelewe kilivyo. Basi, wakamcheka mpaka basi. Sasa wanamwita Mama Mvua, wanamwita muongo, na yeye amelala pale na simu kifuani anawajibu mmoja mmoja, "Mume wangu si mtu wa kutunga mambo." Juzi nilimkuta macho mekundu. Akasema, "Sina neno, nataka tu nikione niwafunge midomo." Mimi nikaenda jikoni nikafungua bomba ili asisikie ninavyopumua.

Nimefikiria kumwambia nimesahau njia, au kwamba chumba kilikuwa kwenye chapa ya zamani wakakiondoa, nimefikiria hata kumwagia mashine ya gemu chai. Naogopa akijua atajiuliza ni mangapi mengine niliyomwambia yalikuwa ndoto, na kwa kweli hata mimi najiuliza. Nifanye nini, Shangazi? Tafadhali usitaje jina langu.

Msaga Lenzi

*

Msaga Lenzi, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevua viatu na kuegemea kiti, na nakiri mbele ya wasomaji kwamba chumba chako nilikipenda. Nilikaa humo dakika kadhaa, chai ikapoa. Haya, sasa tutoke tuzungumze.

Ule ubishi wa lipi bora siuingilii. Sijacheza hata moja, na nilipomuuliza mpwa wangu alinipa mhadhara wa saa nzima kwamba bora ni la nne, ambalo wewe na mkeo hamkulitaja kabisa, na amekasirika.

Kuota si kosa. Kumwambia msichana kwenye foleni kwamba umeona kitu ulichokiota, ukiwa kijana na yeye ana rangi viwikoni, hilo nakusamehe robo tatu. Lakini baba, alipokuwa amesimama ukutani akikuuliza idadi ya vyuma vya kitanda, ulikuwa na wiki tatu nzima za kusema. Ukahesabu vyuma. Na siku kumi na moja mwanamke aliyevunjika mguu anagonga tofali na wewe umekaa kwenye kigoda unamwambia ajaribu lile la kulia! Hukuona haya? Nilipofika hapo nilitaka nikuvute sikio kupitia kwenye karatasi.

Unasema unaogopa ataanza kukuona muongo. Anayeitwa muongo sasa hivi ni nani? Ni yeye, na watu mia tatu, na jibu lake ni moja tu, kwamba mume wake si mtu wa kutunga mambo. Ameliweka jina lake mbele likukinge, wewe umejificha jikoni na bomba. Hofu yako naielewa, hata huruma nakuonea, lakini anayeilipia hofu hiyo ni mwenzako, na hana habari.

Hiyo hadithi ya chapa ya zamani itoe kichwani. Profesa wenu ataibomoa kabla ya chakula cha mchana, na mkeo atasimama tena kuitetea. Chai inywe.

Fanya hivi. Ukifika nyumbani usikae kwenye kigoda. Kaa kitandani, mahali anapouona uso wako, mwambie aweke gemu pembeni, kisha sema: la pili sijalimaliza, niliishia ziwani, chumba nilikiota, na umetukanwa kwa ajili yangu. Ishia hapo. Usitangulize duka lililofungwa wala usingizi wa mchana, maana hayo ni matamu na wewe unajua kusimulia, utajikuta umemteka kwa maneno kama ulivyomteka siku ya kwanza. Akiuliza, mweleze. Akikaa kimya, kaa naye. Akitaka umwondokee, ondoka, lakini usitoke nje ya nyumba. Atakuuliza mengine ya miaka tisa, kama yale nayo yalikuwa ndoto, na huenda akauliza leo, akauliza tena wiki ijayo akiwa anakula. Jibu kila mara, na palipo na uongo sema ni uongo, hata kama ni mdogo wa kuchekesha.

Ukishamwambia yeye, na si kabla, ingia kwenye kundi kwa jina lako mwenyewe. Andika kwamba chumba cha mvua kimetoka kwako, Brashi alikuamini kama mke anavyomwamini mumewe, na wote waliomcheka wamwombe radhi. Watakucheka wewe. Wacha wakucheke. Kura yake aamue mwenyewe, la pili, la tano, hata la nne, mpwa wangu afurahi.

Ukuta usiuguse. Aliuchora yeye. Akisema ubaki, unabaki. Akisema upakwe chokaa, kachukue ndoo na uupake wewe, kwa mikono yako, mpaka kwenye droo ya tano.

Nikupe na faraja, moja tu. Mkeo ni mtu wa la tano wa kufa na kupona, na alihama kwa ajili ya chumba ambacho watengeneza gemu hawakukijenga. Ulikijenga wewe. Laiti ungemwambia pale kwenye foleni kwamba umekiota, nadhani foleni ingewapita vilevile. Ulikuwa na kitu kizuri cha kumpa, ukakiandikia jina la mtu mwingine.

Sasa kuhusu jina lako. Sijalitaja. Lakini jamani, ni nyumba ngapi zenye mchoraji wa mabango aliyevunjika mguu na mvua ukutani? Ndiyo maana Jumatatu nilikupigia simu, nikakwambia yote haya, nikakwambia na kwamba barua inatoka Jumamosi, kama hutaki niizuie. Ukasema, "Itoe, Shangazi. Nitakuwa nimeshamwambia." Sauti yako sikuiamini sana.

Kwa hiyo wewe dada, kama gazeti limekufikia kwanza na haya yote ni mageni kwako, pole sana, mwanangu. Mwite. Hayuko mbali, na ana miaka tisa akitafuta pa kuanzia.