Mji Uliogeuka Mshumaa

Isaka

Shikamoo Baba,

Hadi sasa nimeduwaa! Jana umeme ulikatika tukiwa kwa mama lishe, na dereva wa lori kutoka Burundi akaomba “bougie”, yaani mshumaa kwa Kifaransa. Akaniambia Bougie ni mji wa Algeria. Zamani nta ya nyuki ya kutengenezea mishumaa ilitoka huko, basi Wafaransa wakaupa mshumaa jina la mji. Mji wa Afrika hii hii, Baba! Wali wangu ulipoa nikiwa nimeshika kijiko.

Na sisi Ushirombo, tukishakamua asali, masega tunatupa jalalani!

Mpe Mama salamu zangu, na nyuki wasikuume. Ila nta usitupe tena, nakusihi. Nataka siku moja giza liingie kwa Wafaransa, mtu aseme, “Washeni Ushirombo!”

Mwanao,
Kulwa