Kipande cha Bakuli la Oveni

Ijumaa usiku, Keumbu

Bado nakitafuta kile kipande, hata nikifumba macho.

Muuzaji aliniapia kwamba bakuli la kioo kama hilo haliogopi moto, na kweli ndani ya oveni halikutikisika. Kilicholishinda ni baridi. Nililitoa viazi na nyama vikitokota, nikaliweka juu ya trei ya jiwe la sabuni niliyokuwa nimetoka kuisuuza. Ta! Ufa ukashuka hadi chini, na ukingoni pakabaki pengo dogo kama ukucha. Nimefagia, nimepapasa, nimemulika na simu. Kipande hakipo.

Basi kimo ndani ya chakula. Chakula cha Sabato, cha wageni wa kesho kutoka Ogembo, na jua lilikuwa limeshazama.

Nilimwaga chote kwenye shimo la taka. Nikasimama mbele ya jiko na kiberiti mkononi, nikiogopa macho ya mama mkwe. Ni yeye aliyenifundisha kwamba Sabato ikiingia, hakuna kupika.

Alichukua kisu, akaanza kumenya ndizi.

"Washa, Mama Kemunto. Mungu mwenyewe amekiona hicho kioo."

Nikapumua. Nilidhani yameisha.

Kisha Kemunto akaingia, akauliza kwa nini nimemwaga viazi, na vilikuwa vitamu hivyo.

Anasema alionja kijiko kimoja tu, nilipokuwa nafagia. Hasikii maumivu popote. Amelala. Nimeshaenda kumsikiliza akipumua, na sasa naenda tena.