Hewa Niliyoiita Safi

Ibra, Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Leo joto limefunga. Hata ule upepo wa gharbi unaotukaanga kila mwaka wakati wa tende mbivu umenyamaza, na kiyoyozi cha chumba hiki kinakoroma tu bila kutoa baridi. Nyumba imejaa wageni waliokuja kumjulia hali kaka yangu Salum. Mimi nimejifungia huku nyuma na kompyuta, nimewaambia kichwa kinaniuma.

Hakiniumi. Naona haya.

Ninaandika Kiswahili kama kawaida yangu, hiki alichonilea nacho Bibi, ambaye alitoka Unguja na masanduku machache na hakukubali lugha yake ibaki nyuma. Kazini, kwenye mji wa pwani wa Sur, tunaandikiana Kiingereza, tunagombana kwa Kiarabu, na hakuna atakayepita hapa akanisoma. Siku zote nimejisifu kwamba kwenye blogu hii ndipo ninaposema kweli. Basi niiseme.

Kazi yangu ni kutunza vipima gesi kwenye kiwanda kimoja nje ya mji. Ni vidude vya kubana kifuani, vinene kuliko simu, na vinapiga kelele hewa ikiwa mbaya. Kuna gesi inayolipuka, kuna inayonuka kama mayai viza, na kuna ile ya moshi, itokayo kwenye mkaa na kwenye injini, isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu huku mwenyewe akidhani amechoka. Vifaa hivyo vinafika mezani kwangu vimejaa vumbi na jasho. Ninavifuta kwa kitambaa chenye maji matupu, ninabadilisha vichujio vilivyoziba, kisha ninavipulizia gesi ya chupa nione kama bado vinaisikia. Salum hunitania kwamba nikipata watoto sitawaosha vizuri hivyo.

Jambo la kwanza ninalomfundisha kila mtu ni kwamba kifaa hakijui hewa safi ni ipi. Kila ukikiwasha kinauliza: hapa ulipo, hewa ni safi? Ukibonyeza kukubali, kinakuamini, na hewa hiyo ndiyo inakuwa sifuri yake. Vyote vinavyofuata kinavipima kuanzia hapo. Kwa hiyo unakiwasha nje, mbali na magari, mbali na sigara, mbali na jiko. Wiki hii hii nilimrudisha msimamizi mmoja getini, mtu mzima mwenye mvi, kwa sababu alikiwasha chake ndani ya gari huku dereva wake anavuta sigara. Aliniomba radhi mbele ya vijana wake. Nikamwambia radhi hainusi gesi. Nilijiona nimesema neno.

Sasa hapa nyumbani. Maji ya kisima cha shamba letu yameshuka sana mwaka huu. Ami Hamdani, mdogo wa marehemu baba yangu na ndiye mkubwa wa nyumba sasa, aliteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima, akaikalisha kwenye kibaraza cha mawe karibu na maji, maana ikiwa juu haivuti. Ikaanza kunyonya tope. Ikabidi mtu ashuke akalichote, na mtu huyo akawa Salum. Niliposikia, nikawapigia simu kutoka Sur kwa sauti yangu ile ya getini: asishuke mtu mpaka nije. Mkubwa wangu wa kazi akaniruhusu kifaa kimoja nije nacho. Kilikuwa kizima, nilikijaribu mwenyewe kabla ya kuondoka.

Ami hakuwahi kuipenda kazi yangu. Alisema mabomba na mitungi si mambo ya mtoto wa kike, na kwamba baba angekuwa hai nisingekwenda. Hakunizuia, lakini kila nikija alikuwa akiniuliza habari za Sur kama mtu anavyouliza habari za ugonjwa. Kwa hiyo jana Alhamisi asubuhi, aliponiita barazani kwa wanaume wa nyumba na jirani yetu wa siku nyingi, mzee Masoud, nilikwenda nimenyoosha shingo. Niliamkia, nikaitikiwa marahaba. Kahawa ilikuwa imeshanywewa. Chetezo cha udi kilikuwa kinapita mkono kwa mkono, mkaa wake mwekundu, kila mtu anajifukiza ndevu na kilemba, milango imefungwa ili baridi isitoke.

"Ya Zuwena," Ami akasema, "hebu kiwashe hicho kidude chako, watu wakione, mashallah."

Nikakiwasha.

Pale pale, juu ya zulia, katikati ya moshi. Mimi.

Kikalia na kukataa. Hilo nalo sitalificha: kilikataa. Kiliandika kwamba hewa ile haifai kuwa sifuri. Wanaume wakanitazama. Ami akauliza kimeharibika? Ningeweza kusema, la, Ami, kinataka hewa ya nje, kisha nitoke. Ni maneno ya pumzi moja. Badala yake nikacheka kidogo, nikasogea nacho hadi karibu na mlango moshi ulipopungua, nikabonyeza tena. Safari hii kikakubali. Mzee Masoud akasema mashallah. Ami akatabasamu, na lile tabasamu nilikuwa nalisubiri tangu nianze kazi.

Tulipofika shambani nikakitoa mfukoni nikitazame. Mbele ya namba ya gesi ya moshi palikuwa na kistari kidogo, alama ya chini ya sifuri. Yeyote niliyewahi kumfundisha angejua maana yake: hapa nje ni pasafi kuliko pale ulipokiambia ni pasafi. Maana yake uzime, uwashe, uanze upya. Dakika chache tu. Lakini wote walikuwa wamesimama kunizunguka, na Ami alikuwa anamweleza mzee Masoud jinsi kinavyofanya kazi, akikosea nusu, kwa furaha. Nikageuza kioo upande wangu.

Nilikigeuza wasione.

Nikakifunga kamba, nikakiteremsha. Ami alikuwa ameendesha pampu alfajiri, kisha akaizima, na moshi wake ulikuwa bado umo shimoni. Kifaa kikarudi na namba ndogo isiyotisha mtu. Ukiongeza ule moshi wa udi nilioufanya sifuri, namba ya kweli ilitosha kabisa kukifanya kipige kelele. Nilijua namna ya kuongeza. Sikuongeza. Nikasema hewa ni nzuri.

Salum akashuka kwa ngazi, kamba chini ya makwapa, kifaa kifuani. Alichota tope tukawa tunavuta ndoo. Baada ya muda akaanza kulalamika kwamba joto la huko chini linampiga kichwani. Tukamtania kwamba amezoea kiti cha ofisi. Kisha akasema atawasha pampu kidogo aone kama sasa inavuta.

Nilifungua kinywa. Nakumbuka vizuri kwamba nilikifungua.

"Mashine n'nayo kifuani," akapiga ukelele kutoka chini, "ikilia ntazima!"

Salum ni mwoga wa visima tangu utotoni. Hangethubutu kamwe kuwasha injini ndani ya shimo lile. Alithubutu kwa sababu yangu. Nami nikafunga kinywa, kwa sababu Ami alikuwa amesimama kando yangu akisema, sikia anavyokiamini kidude chako.

Kikalia, lakini kwa kuchelewa. Salum akaizima pampu, hilo aliliweza, kisha akashika ngazi na miguu ikakataa kupanda. Nilimwita, akanijibu jambo jingine kabisa, habari za funguo za gari. Ami na mzee Masoud wakavuta kamba, na mimi nikavuta, na sikumbuki kama nilikuwa nalia au nasoma dua. Alitoka rangi imebadilika, akatapika juu ya majani. Hospitali hapa Ibra wakamwekea hewa ya mtungi hadi alasiri. Daktari aliniambia, kwa kuwa alijua kazi yangu, kwamba gesi iliyomo mwilini mwake si ya kuvutwa mara moja. Mgonjwa ameivuta tangu alipoteremka. Nikaitikia kwa kichwa kama watu wa fani moja wanavyofanya.

Wa fani moja!

Salum amerudi nyumbani, amelala kwa Bibi, anakula machungwa na kuamrisha watu. Atapona, alhamdulillahi. Asubuhi nilipompelekea maji alinishika mkono. "Ungekuwa hukuja na kile kidude," akasema, "leo mngekuwa mnanisomea hitima." Macho yalimlengalenga, Salum ambaye hajawahi kunishukuru hata kwa shati nililompigia pasi. Nilimwambia alale.

Na Ami ndiye ameniua kabisa. Tangu jana hana hadithi nyingine. Msikitini kasema, sokoni kasema. Nilimsikia akimwambia mtu kwa simu: "Binti yetu huyu, wallahi, kamtoa ndugu yake kaburini." Binti yetu. Miaka yote alikuwa ananiita binti wa marehemu. Bibi naye kanitengenezea halua yangu peke yangu, na nimeila. Nimeila yote.

Nimejaribu kujitetea tangu jana. Kwamba kifaa kililia mwishowe. Kwamba bila kifaa wangemshusha vile vile. Yote hayo ni kweli na hayanisaidii kitu. Bila kifaa Salum angeogopa, na woga wake ungemlinda. Mimi nilimwondolea woga nikampa namba ya uongo. Nikifikiria hivyo natamani falaji, mfereji wa maji wa shambani, unipitie juu.

Hata hivyo, nikisema kweli hapa, ningeweza kuishi na aibu hii kimya kimya. Ningerudi Sur, ningekuwa mpole zaidi getini, labda ningemtafuta yule mzee mwenye mvi. Watu wanaishi na makubwa kuliko haya. Nilikuwa nimeshaamua hivyo mpaka saa hii ya chakula.

Nilikuwa naleta sinia la kahawa. Mlango wa barazani ulikuwa wazi kidogo. Mzee Masoud alikuwa anaeleza kwamba kesho wanasafisha kisima chake nao, pampu imo ndani kama yetu ilivyokuwa, na mwanawe aliye kwenye kampuni ya barabara atakuja na mashine kama ya Zuwena. Akamwuliza Ami inatumiwaje. Na Ami, kwa ile furaha yake, akafundisha.

"Sikiliza, Masoud. Sharti muiwashe ndani kwanza, penye baridi, msiiwashe juani. Itakataa mara ya kwanza, ndiyo tabia yake. Isogezeni kidogo, mbonyeze tena, itakubali. Hivyo ndivyo alivyofanya Zuwena."

Niliweka sinia sakafuni nikakimbilia huku.

Hivyo ndivyo alivyofanya Zuwena. Kosa langu limeshakuwa somo, na mwalimu wake ni mtu anayeheshimiwa mtaa mzima. Kesho mtoto wa watu atashuka akiwa na imani ile ile ya Salum, na huenda kamba yake isiwe na watu wa kuivuta kwa haraka.

Nimefikiria njia za mkato. Nimpigie simu mwanawe mzee Masoud nimwambie tu aiwashe nje, bila kueleza. Lakini atauliza kwa nini Ami kasema vingine, na mzee Masoud atamsikiliza Ami, si mimi. Nimwambie Ami peke yake kando, anihifadhi. Hapo Ami atalazimika kurudi barazani kujikanusha mwenyewe kwa ajili yangu, na siwezi kumfanyia hilo mtu aliyeniita binti yetu. La, ni lazima niseme mimi, pale pale nilipokiwasha, kwa wale wale waliosema mashallah. Niseme kilikataa kwa sababu ya chetezo chetu. Niseme niliona kistari nikakigeuza. Na Salum asikie kwangu, asisikie kwa mtu.

Najua sura ya Ami itakavyokuwa. Hatanigombeza. Atainamisha kichwa na kuchezea bakora yake, na pengine nitarudi kuwa binti wa marehemu. Mkubwa wangu wa kazi naye itabidi ajue nikirudi kazini. Naogopa, sitajisifu kwamba siogopi.

Harufu ya udi imeanza kupenya chini ya mlango. Chetezo kimeingia barazani, na huku kwetu kikishamaliza mzunguko mgeni huaga akaenda zake. Mzee Masoud anajifukiza ndevu sasa hivi, anatafuta viatu vyake.

Naacha kompyuta wazi. Haya niliyoandika sijayatuma, nitayatuma nikirudi kutoka barazani, nikiwa nimeshayasema kwa mdomo wangu. Nikishindwa, nitayafuta yote, na hapa hapatakuwa na kitu cha kusoma.