Hodi kwenye Nyumba Yetu

Nyaishozi, Jumanne

Baba Edith mpendwa,

Edith sasa hivi amesimama mbele ya mlango wa nyumba yetu, akagonga kwa kiganja na kusema "hodi". Hajafikisha miaka miwili, tayari anajua kwamba pale lazima tupige hodi. Nimecheka, halafu nikakaa chini.

Hatujambo. Maharage yametoa maua. Mimi na mtoto bado tunalala jiko la nje, moshi unamkohoza kidogo, ila usiwe na wasiwasi. Naandika maana kwenye simu Bibi Xaveria atanisikia.

Bado yumo ndani ya nyumba aliyotuuzia. Mlipoandikishana mauziano ulimpa miezi miwili, avune kahawa yake kisha ahamie kwa mwanawe kule Muleba. Huu ni wa nne, na mwanawe hapokei simu. Nikiingia kuchukua sufuria bibi ananiambia, "Karibu mwanangu, usiogope, ni kwako." Ni kwangu kweli! Nachukua sufuria na kutoka, maana ndiye anayembembeleza Edith mpaka asinzie.

Ulisema ukirudi Jumamosi umkute ameshatoka. Nimechoka, baba. Asubuhi nimejikaza nikamwambia atafute pa kwenda. Aliendelea kumenya ndizi.

Naamini mwezi ujao tutalala ndani sote watatu. Ila nikuombe jambo, kile chumba kidogo cha nyuma, kama ungekubali bibi abaki humo

Ngoja, kuna mtu mlangoni huku jikoni. Ni yeye. Tangu tuhamie hajawahi kunipigia hodi, leo anaita, "Hodi, mwenye nyumba, hodi," na mimi