Kabanyana wa Ngazi ya Ishirini

Louisville, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Joselyne,

Amani ya Bwana iwe nawe huko kwenye theluji ya Buffalo. Baba hajambo, ila goti linamsumbua baridi ikizidi. Mimi na kazi ya ghalani tunaendelea kuvumiliana.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunapandishiana sauti. Nataka mchezo wetu wa mezani, huu wa hadithi na dadu, uishe. Miaka sita nimewasimulia ule ulimwengu, nanyi watatu mmewakuza mashujaa wenu kutoka ngazi ya kwanza hadi ya ishirini. Juu ya hapo kitabu cha kanuni hakina kitu, na hata kabla ya hapo kanuni zinayumba. Desemba, kwa binamu Angelika pale Whitehall, Columbus, nilileta joka nililoliandaa wiki tatu. Shujaa wako Kabanyana akausimamisha wakati, akaliua kabla halijafungua mdomo. Zamu yako peke yake ilikula dakika arobaini za kujumlisha, mpaka shemeji Adriano akasinzia mezani. Dadu tunazirusha kwa adabu tu, maana hata ukipata mbili unashinda.

Machi tukikutana tuwaage mashujaa hawa, tuanze wapya, ngazi ya kwanza.

Kaka yako,
Zenoni

Buffalo, 29 Januari 2024

Kaka Zenoni,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa kiwandani wametuongezea Jumamosi. Mkande baba goti kwa maji ya moto, asijifanye kijana.

Nimekusoma, na jibu langu ni hapana.

Kuhusu zamu ndefu nakubali, na joka lile hata mimi lilinichosha kwa kufa upesi. Ila kuanza upya siwezi. Kule kambi ya wakimbizi ya Mtabila nilikuwa wa kwanza darasa la tano. Tulipofika huku nikawekwa na watoto wa darasa la tatu kwa sababu ya Kiingereza. Mama alizalisha nusu ya kambi. Huku akaanza kwa kutandika vitanda vya hoteli, akafa akiwa bado anavitandika. Kila tunakofika kuna mtu wa kutuambia tuanze chini. Kabanyana alianza kama mfinyanzi mwenye kisu kimoja. Amepanda mbele ya macho yako. Usimshushe.

Wewe unamletea majoka kana kwamba bado ni mwanafunzi. Aliyefika pale hapimwi tena kwa nguvu. Acha kuuliza kama anaweza, muulize kama inampasa.

Mdogo wako asiyekubali,
Joselyne

Louisville, 7 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, maana simu zangu hupokei na habari zako nazipata kwa Angelika.

Najua nilikosea mwezi uliopita. Nilileta kiumbe kinachozima uchawi wote, Kabanyana akafa bila dadu kurushwa. Uliniuliza, "Kanuni gani hiyo?" Nikajibu, "Yangu." Ukakunja karatasi ya sifa zake, ukavaa koti, ukaendesha gari kwa saa tano hadi Buffalo bila kugusa wali wa watu.

Lakini ningefanya nini? Kitabu kinampa mchezaji uwezo wa kuhamisha milima, halafu kinamwachia msimulizi atafute cha kumtisha. Nilichoka, Joselyne.

Kaka yako,
Zenoni

Columbus, 16 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye meza ya Angelika, sahani za jana bado hazijaoshwa. Wote hapa hawajambo. Mwambie baba namkumbuka.

Tumecheza bila wewe. Nimesimulia mimi. Shujaa wa Adriano amemfufua Kabanyana. Kitabu kinaruhusu, nami nikamkabidhi Angelika amcheze. Nimeweka kanuni mbili: zamu ni dakika tatu, na tendo kubwa ni moja tu kwa siku nzima.

Mchezoni wakaja watu wa bonde moja kumwomba Kabanyana awafufue wote waliouawa kwao miaka hamsini iliyopita. Anaweza, wala dadu haihitajiki. Halafu wakaja wanaolima mashamba ya wale marehemu. Wakauliza, "Wakiamka, sisi twende wapi?" Kitabu kina kurasa nne za kufufua, kaka, na hakuna hata mstari mmoja wa mashamba.

Tulikaa kwa saa tatu nzima. Dadu hazikuguswa na hakuna aliyesinzia. Angelika, ambaye unajua babu yake alibaki kule Burundi kwenye mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, aliondoka mezani akajifungia bafuni. Alirudi macho mekundu, akasema, "Sijaamua."

Tunaendelea Septemba. Kiti chako kipo, lakini ni cha mchezaji. Sikuombi msamaha wala sikudai.

Joselyne, mdogo wako bado

Louisville, 30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Baba anatembea vizuri tangu joto lirudi. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, yeye akisikiliza.

Nitakuja. Sitaki shujaa mkubwa. Nipe mmoja wa wale wanaolima: mzee wa ngazi ya kwanza, na jembe lake.

Nilimuuliza baba mtu kama huyo angemwambia nini Kabanyana. Unajua nani analima shamba la baba tangu alipokimbia. Nilidhani atakasirika. Akaweka kikombe cha chai chini, akasema, "Angesema, hata mimi nimezika watoto hapa."

Basi mzee wangu amezika wawili. Mwambie Angelika aje na ngazi zake zote ishirini. Sitoki.

Kaka yako,
Zenoni