Nondo za Dirisha la Shangazi

"Nondo hazijawahi kumdhuru mtu, wanaodhuru ni wezi." Kauli hii ya Mweka Hazina ilipigiwa makofi katika kikao kilichopita. Si kweli, na Katibu anaiweka juu ya ukurasa ili msomaji aipime kwa yaliyotokea leo.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA, KAMATI YA CHAMA CHA WAKAZI

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Sebuleni kwa mlezi wa watoto, ghorofa ya chini
Waliohudhuria: Mwenyekiti (kinyozi), Mweka Hazina, Katibu, Mjumbe muuguzi, Mjumbe fundi wa kuchomelea
Mwalikwa: Mlezi, ambaye watoto na wazazi wao humwita Shangazi
Asiyehudhuria: Mjumbe wa Usalama. Hakutoa udhuru.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi akiwa amekalia kiti cha mtoto, kwa kukosa kingine. Aliwaomba wajumbe wasicheke. Walicheka.

KUMB. NA. 2/6: HALI YA NYUMBA
Wajumbe walitembezwa. Waliona dawa za kusafishia zimefungiwa katika kabati la juu, mlango wa jikoni umewekewa geti dogo, soketi zimezibwa, na mtungi wa kuzimia moto umetundikwa ukutani. Mjumbe muuguzi, ambaye mwanawe hulelewa hapo, aliuliza mtoto mchanga akipaliwa atafanywa nini. Shangazi alimlaza mwanasesere kifudifudi mapajani, kichwa chini, akampiga mgongoni, huku akimkemea mtoto mwingine aliyekuwa anatafuna kalamu ya rangi. Muuguzi alisema hana la kuongeza. Wanaomfahamu wanajua hilo ni nadra.

KUMB. NA. 3/6: NJIA YA PILI YA KUTOKEA
Shangazi alieleza kwamba mkaguzi wa leseni ameridhika na yote ila moja: chumba cha watoto lazima kiwe na njia ya pili ya kutokea, moto ukizuka mlangoni. Njia hiyo ni dirisha, na ni chama hiki hiki kilichoagiza madirisha yote ya chini yachomelewe nondo. Mkaguzi anarudi Jumanne. Akizikuta, leseni haitoki na kituo kinafungwa.

Mweka Hazina alisema wezi hawaombi leseni. Shangazi alijibu, "Kaka yangu, mwizi akiingia humu atakuta nepi. Akizibeba, mwambie azifue."

Mweka Hazina alisema hakuja kutaniwa, na kwamba televisheni yake iliibiwa kabla ya nondo, si baada. Hilo ni kweli, na limeandikwa.

Shangazi aliomba kuonyesha zoezi. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Treni." Watoto waliacha midoli, wakashikana mashati kwa nyuma, wakajipanga. Hakuna aliyesukuma. Katibu hajawahi kuona mkutano mkuu wa chama hiki ukitoka mlangoni kwa adabu hiyo.

Kisha akasema, "Mlangoni kuna moto." Treni iligeuka, ikapanda ngazi fupi ya mbao iliyo chini ya dirisha, ikasimama mbele ya nondo. Watoto walingoja. Wamefundishwa kwamba hapo mtu mzima hufungua.

Wa mbele alikuwa mjukuu wa Mweka Hazina. Alishika nondo, akamgeukia babu yake. "Babu, treni imekwama."

Mweka Hazina alivua miwani, akaomba maji ya kunywa.

KUMB. NA. 4/6: UAMUZI
Fundi alieleza kwamba nondo zinaweza kukatwa, zikawekewa bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, juu, mahali ambapo mtoto hafiki. Mweka Hazina aliuliza kama mwizi hataweza kulifikia akiwa nje.

"Labda awe na mkono wa twiga, mzee," alijibu fundi.

"Twiga hana mkono," alisema Mweka Hazina, akaunga mkono hoja. Agizo la nondo lilirekebishwa bila kupingwa. Fundi ataanza kazi leo jioni, watoto wakishachukuliwa. Mwenyekiti alitaka Shangazi apongezwe. Shangazi alisema apongezwe dirisha likishafunguka. Katibu hakusubiri: huyu ndiye mtu makini kuliko wote waliokuwa chumbani.

KUMB. NA. 5/6: KUFUNGA
Kikao kiliisha saa tano na nusu, wakati wa watoto kulala. Shangazi aliwaamuru wajumbe wavue viatu na watoke kimya. Walitii.

Mwenyekiti: ..................
Katibu: ..................

Nakala kwa wenye nyumba wote wa ghorofa ya chini: leo, kabla hamjalala, jaribuni kutoka nje kwa dirisha la chumba wanamolala watoto wenu. Mkishindwa, mwiteni fundi kesho asubuhi.